Riwaya za Likizo ya Agosti

Binti yangu mpendwa,

Salamu kutoka Kisumu. Sisi hatujambo, na joto la huku unalijua.

Ujumbe wako niliupata. Umesema shule zikifungwa Agosti ungependa kusoma riwaya za Kiswahili, ila tangu utoke kidato cha nne hujafungua hata moja, na hujui uanze na ipi. Nimefurahi mno kuulizwa, kwa hiyo nivumilie, jibu lenyewe ni refu.

Kwanza usahau usomaji wa mtihani. Shuleni mlisoma mkiwa na kalamu mkononi, mnasaka maudhui na sifa za wahusika ili mjibu swali la alama 20. Huwezi kumpenda mtu huku unamhesabia sifa. Safari hii hakuna atakayekuuliza kitu. Soma kurasa 50 za mwanzo, kitabu kikikushika endelea, kisipokushika kiweke kando bila kujilaumu.

Anza na Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka mwaka wa 1996 na imesomwa mno katika shule zetu, kwa hiyo hata wauzaji wa vitabu vya mitumba hapo Nakuru hawawezi kuikosa. Kijana Kongowea Mswahili anakulia Tanga, mamake Zainabu Makame ni mwimbaji wa taarabu. Baada ya kumpoteza mama, anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na safari hiyo inamfikisha Kitale. Hapo ndipo mimi huguswa kila mara. Kile Kiswahili cha Tanga kinapanda naye hadi Trans Nzoia kwenye mahindi, na hakipungukiwi na chochote njiani. Sisi wa bara tumeambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba Kiswahili chetu ni cha kuazima. Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia pande hizo za Kitale, na aliandika Kiswahili ambacho wa pwani na wa bara walikaa chini wakakisoma. Aliaga dunia Aprili 2020, na pengo lake bado naliona.

Ya pili ndiyo ninayotaka hasa uisome: Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi. Ilichapishwa 1971. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa hili hili letu, upande wa Tanzania, na hadithi inaanzia huko. Utawatambua watu wake bila kuelezwa, kuanzia mihogo yao na mitumbwi yao hadi baba anayerudi nyumbani amelewa huku watoto wakinyamaza ghafla.

Baba huyo ni Zakaria. Binti yake mkubwa, Rosa, anapata barua kutoka kwa mvulana anayeitwa Charles, na Zakaria anampiga vibaya kwa ajili ya barua hiyo. Soma sehemu hiyo polepole. Kezilahabi hapambi, hapigi mafumbo, sentensi zake ni fupi na kavu, na ndiyo maana zinauma. Kuanzia siku ile Rosa anaogopa hata kusimama karibu na mvulana, na watu wazima wanaona ndiyo malezi mema. Kisha anakwenda sekondari Mwanza, mbali na jicho la baba, na unagundua kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kujichunga mwenyewe. Alifundishwa woga tu. Woga ukiisha, hana kingine cha kushika.

Kwa kuwa kilisema wazi mambo ya mapenzi na ya kutoa mimba, kitabu hiki kilizuiwa kwanza kuingia shule za Tanzania. Mimi naona kiliwahusu wazazi kuliko wanafunzi. Unaikumbuka ile barua niliyoikuta ndani ya daftari lako la jiografia? Kama uliwahi kujiuliza kwa nini siku ile sikupandisha sauti, nikakuita tu tukakaa pale barazani tukazungumza, sababu ni Zakaria. Nilikuwa nimeshamsoma, na sikutaka kuwa yeye. Sasa wewe nawe una binti anayekaribia umri huo, na wakwe wana maoni yao, na majirani wana yao. Msome Rosa kabla hujamsikiliza mtu yeyote. Mwisho wake ni mzito, kwa hiyo kurasa za mwisho zisome mchana, nyumba ikiwa na watu.

Ukitoka hapo utahitaji kupumua, na hapo chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla. Ni ya 1960, kuna maiti, kuna mzimu unaoogopwa, na kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anayetaka sababu ya kila jambo. Jioni moja ya mvua ya Nakuru inaitosha.

Halafu Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin ana miaka 15 tu anapoozwa Bwana Raza, mzee wa miaka 52, huko Unguja wakati wa ukoloni. Anatoroka, na anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke asiye na mali ila ana moyo wa kutosha watu kumi. Wengi humsifu Denge, mpigania uhuru. Mimi nampenda Mwajuma, na sidhani kuna rafiki bora kuliko yeye katika riwaya zetu. Najua kuna filamu ya riwaya hii, ya 2021. Isubiri, kitabu kwanza.

Shaaban Robert mwache hadi Desemba. Namheshimu sana, lakini anataka msomaji aliyekwisha kuzoea kukaa na sentensi ndefu bila haraka. Na Nagona ya Kezilahabi usiiguse bado, hata mtu akikusifia vipi.

Siku Njema jinunulie huko. Hizo nyingine tatu ninazo, nitazifunga vizuri na kuzituma kwa matatu ya Ijumaa asubuhi, nikupe namba ya dereva. Rosa Mistika ina maandishi yangu pembeni mwa kurasa kwa penseli. Usiyafute, na ukiona mahali nimekosea kumwelewa Regina, mamake Rosa, andika yako chini yake.

Wako,
Baba