Askari wa uokoaji aliyeingia kwenye pombe: swala yake, toba yake na kwenda kwa daktari wa akili

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni askari wa uokoaji, nina mke na watoto. Kazi yetu ni moto, ajali za barabarani na watu waliozama. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024 nilikuwa miongoni mwa walioingia kwenye kifusi. Kuna mtu nilikuwa nazungumza naye kupitia upenyo, ananijibu, kisha akanyamaza. Tangu hapo usingizi hauji. Nikisikia mashine ya kukatia nondo mwili wote unasisimka. Nilianza kunywa pombe kali kidogo ili nilale, sasa nanywa kila siku, na asubuhi nisipokunywa mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Swala nimeacha, kwa kuwa nilisikia mnywaji haikubaliwi swala yake siku arubaini. Mke wangu anataka niende kwa daktari wa akili. Kaka yangu anasema hili ni jini, na kwamba kwenda hospitali ni udhaifu wa imani, tena ni kuanika dhambi ambayo Allah ameisitiri. Kuna siku natamani nisiamke. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, umeuliza mengi, lakini nitaanza na lile uliloliweka mwishoni, kwamba kuna siku unatamani usiamke. Usilibebe peke yako hata usiku mmoja zaidi. Mwambie mke wako leo, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Na fikra hiyo ikikujia pamoja na njia ya kujidhuru, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Mtume (s.a.w.) ametukataza kutamani mauti kwa dhiki iliyotufika, na akatufundisha kwamba aliyezidiwa aseme: "Ewe Mola wangu, nihuishe maadamu uhai ni heri kwangu, na nifishe ikiwa mauti ni heri kwangu." Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas. Hakumwita mtu huyo mnafiki. Alijua kuwa muumini anaweza kufika hapo, akampa la kusema.

Sasa huyo uliyezungumza naye kwenye kifusi. Nahisi moyoni unajiona ulimuacha. Katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) aliwataja mashahidi wasiokuwa wa vitani: aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama, na aliyeangukiwa na jengo. Basi kama alikuwa Muislamu, tunamtarajia daraja hiyo kwa rehema za Mola wake. Na wewe ulikuwa mtu wa mwisho kumsikia na kumjibu. Hakufa akidhani amesahauliwa. Qur'ani inasema mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote (5:32), na inasema Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:286). Uwezo wako ulikuwa mikono, taa na mashine, chini ya zege linaloweza kushuka wakati wowote. Muda wa mtu kuondoka duniani haukuwekwa mikononi mwa waokoaji, na hutaulizwa juu yake.

Huzuni yenyewe si dhambi. Nabii Yaakub (a.s.) alilia kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe (12:84), naye ni Nabii. Mtume wetu alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, na mmoja wa maswahaba aliposhangaa, Mtume akamwambia machozi hayo ni rehema. Wanaokuambia mwanamume wa kazi yako halii, wamekutwisha jambo ambalo dini haikukutwisha.

Ama pombe, sitakuficha: ni haramu, hata kwa nia ya kupata usingizi. Tariq bin Suwayd alipomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anaitengeneza kwa ajili ya dawa, alijibiwa kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa, kama alivyopokea Muslim. Na wewe mwenyewe umeshaona: ulitafuta usingizi, ukapata mikono inayotetemeka.

Lakini hiyo hadithi ya siku arubaini umepewa nusu. Ni kweli imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Umar. Ndani yake hiyo hiyo, baada tu ya kutajwa siku arubaini, imesemwa kwamba akitubia, Allah humpokelea toba yake. Aliyekusimulia aliishia katikati, na nusu aliyoiacha ndiyo uliyokuwa ukiihitaji. Tena wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kuwa kutokubaliwa maana yake ni kukosa thawabu. Faradhi inabaki palepale, na ukiiswali inakuondokea. Hakuna hata mmoja wao aliyesema mnywaji aache kuswali, kwani atakuwa amebeba dhambi mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ukiwa umelewa usisimame kwenye swala mpaka ujue unachosema (4:43). Akili ikirudi, tawadha na uswali, na kilichopita ulipe. Lipa taratibu, kila faradhi ya sasa pamoja na kadha yake, yaani ile iliyokupita, maana huhitaji mzigo mwingine wa kukuvunja mgongo.

Na kuna kisa ningependa wenzako wakijue. Zama za Mtume (s.a.w.) alikuwepo mtu akiitwa Abdullah, aliyeletwa kwa ulevi si mara moja, akaadhibiwa. Mmoja akamlaani. Mtume akasema: "Msimlaani, kwani naapa kwa Allah, ninavyojua anampenda Allah na Mtume wake." Imo katika Bukhari. Adhabu ilitekelezwa, na bado heshima yake ililindwa.

Kwa hiyo hospitali nenda, na nakuhimiza. Mtume (s.a.w.) amesema: "Tumieni dawa, enyi waja wa Allah," kwa kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Hakutenga akili. Waislamu waliotangulia walielewa hivyo: hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Huku kwetu mtu akitajiwa daktari wa akili anawazia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na kuchekwa mtaani. Vicheko hivyo si hoja ya kisheria.

Kuhusu jini, majini yapo, na kusomewa Qur'ani kuna kheri. Soma mwenyewe Ayatul Kursiy, Ikhlas, Falaq na Naas unapolala. Hakuna malipo wala mtu wa kati. Ila usingizi uliokatika baada ya kifusi, mwili kusisimka kwa sauti ya mashine, sauti ya mtu kurudi kila usiku, hayo madaktari wanayajua kama kiwewe, na wana tiba ya mazungumzo na dawa kwa ajili yake. Ruqya, yaani huko kusomewa Qur'ani, na hospitali havigombani. Yeyote atakayetaka kukufunga kamba au kukupiga ili kumtoa jini, mkimbie.

Na kumwambia daktari kuwa unakunywa si kuanika dhambi. Kilicholaumiwa ni mtu kusitiriwa usiku kisha asubuhi akatangaza mwenyewe bila haja. Fuqahaa, wanavyuoni wa sheria ya dini, wameruhusu hata utupu kufunuliwa mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja. Siri yako ni vivyo hivyo. Mwambie kiasi halisi unachokunywa, usipunguze kwa haya.

Hapa nisikilize vizuri. Kutetemeka na jasho la asubuhi ndiyo arosto, yaani mwili kuidai pombe uliyoizoea. Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla akiwa peke yake nyumbani anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Toba yako ni ya leo, na sehemu ya toba hiyo ni kufika hospitali leo ili uache ukiwa chini ya uangalizi. Zipo dawa za kuituliza arosto, na ni halali kwako kwa maelekezo ya daktari. "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizi" (2:195). Wenzako walioingia kwenye unga, yaani heroini, hukumu yao ni hiyo hiyo: methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye unga ambayo hospitali ya Muhimbili imeanza kuitoa tangu 2011, ni tiba, wala anayeinywa kliniki asiambiwe amebadilisha kilevi kwa kilevi.

Mpaka daktari akuruhusu, usipande gari la uokoaji. Omba ruhusa ya ugonjwa. Roho za watu ni amana, na mwenzako anayeshika kamba upande wa pili anakutegemea. Wakuu wa vikosi wanaosoma hapa nao wana jukumu: askari akitoka kwenye tukio zito akae na mshauri nasaha kabla ya zamu nyingine, na anayesema ameumia asifanywe kichekesho kambini.

Mkeo amekushauri la haki. Nenda naye, na kaka yako msomeeni jibu hili. Wallahu aalam.