Kuchangishana dola kumi kumi ili mwanasiasa wa Marekani awasikilize: msianzie Zelle

Mleta mada ameuliza: Waswahili mia moja wa mji mmoja Marekani wakitoa dola 10 kila mwezi, mwanasiasa atawasikia? Atawasikia, ila wengi huharibu siku ya kwanza. Tumezoea kikoba: watu wanamtumia mweka hazina kwa Zelle (huduma ya Marekani ya kutumiana pesa kati ya akaunti za benki), anajumlisha, kisha anamlipa mgombea kwa kadi yake mwenyewe. Hapo rekodi inaonyesha ametoa mtu mmoja, kumbe pesa ni za wengine, na sheria ya shirikisho inakataza kuchangia kwa jina la mtu mwingine. Ni kosa zito hata kama nia ilikuwa safi.

Njia nyepesi ni kiungo kimoja cha kikundi, kila mtu alipe kwa kadi yake. ActBlue, jukwaa la mtandaoni la kukusanyia michango linalohudumia upande wa chama cha Democratic tangu 2004, lina fomu za namna hiyo: jumla inahesabika kwa kikundi, mchango unabaki wa mwenyewe. Wanakata asilimia 3.95, kwa hiyo katika dola 12,000 za mwaka mgombea anapata 11,526. Waambieni watu mapema kwamba majina yao yatatokea kwenye taarifa za wazi hata kwa mchango wa dola 5, wapo watakaoshtuka.

Mkitaka mfuko wenu wenyewe, mkishapokea au kutumia zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kwenye uchaguzi wa shirikisho, mna siku 10 za kujisajili FEC (tume ya uchaguzi ya shirikisho) kama kamati. Fungueni akaunti ya benki ya kamati peke yake. Kiti cha mweka hazina kikiwa wazi, hamruhusiwi kupokea wala kutoa hata senti. Mchango ukizidi dola 50, andikeni jina na anwani. Mtu akipita 200 kwa mwaka, ongezeni kazi na mwajiri wake. Anayetoa 20 kwa mwezi anavuka mwezi wa 11, na hapo ndipo daftari nyingi hukutwa na mapengo.

Wanaoruhusiwa kuchangia ni raia na wenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) tu. Mwanafunzi wa visa hapana, wala mkimbizi ambaye grinikadi yake haijatoka, hata kwa udiwani. Wasikae pia kwenye kikao kinachoamua nani apewe. Ndugu wa Dar au Goma asitume kitu. Najua inauma, maana jamii zetu zina wakimbizi wengi, lakini kugonga milango kwa kujitolea bila malipo wanaruhusiwa, na mgombea huona nani amekuja. Chama cha kijamii chenye hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi, kisiguse kampeni kabisa.

Kwenye kiti cha Congress, dola 11,500 ni tone baharini. Pelekeni kwenye udiwani au bodi ya shule, baada ya kuuliza kikomo cha jimbo na mji wenu. Barua ya kuomba mkutano itaje idadi ya wapiga kura wenu waliojiandikisha na hoja moja tu. Pesa isitajwe humo hata kidogo: mchango ukishafungwa na kura ya muswada fulani, hiyo ni rushwa.