Tantini, wananiomba garanti ya miezi 6

*Tantini, nina miaka 27, nauza katika duka la dawa mjini Lubumbashi, mshahara wangu dola 300. Nakaa kwa kaka yangu kule barabara ya Kasapa. Taksibisi inanila dola 2 kila siku, na siku hizi wifi anahesabu hata sahani ninazoosha. Komisionere, dalali wa nyumba, amenionyesha studio karibu na avenyu Sendwe: dola 250 kwa mwezi, garanti, yaani amana, ya miezi 6, na mwezi 1 wa komisioni yake. Kwenye likelemba, upatu wetu, nimeweka dola 900. Mama amesikia, akalia: ati binti anayepanga peke yake mjini watu watamsema. Nifanye nini? – Mwenye Kuchoka*

Binti yangu, nimepiga hesabu yako nyuma ya karatasi ya mkate. Garanti dola 1,500, komisioni 250: hizo 1,750 unatoa kabla hujanunua hata godoro. Kisha kila mwezi unabaki na dola 50 za bukari, sabuni na simu. Hiyo studio si yako. Iache ipite.

Na hiyo miezi 6, nani aliwapa ruhusa? Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Wenye nyumba wengi wanalijua hilo, wanaomba 6 hivyo hivyo kwa sababu nyuma yako kuna wengine wanasubiri. Lakini usiende kumsomea mtu sheria mbele ya geti lake. Atakuambia chumba kimechukuliwa tangu jana. Mwambie tu: "Papa, miezi 3 ninayo hapa, leo." Nimeona wazee wakali wakilainika mbele ya noti zilizokwisha kuhesabiwa.

Sasa tuongee mji wenyewe. Ninyi vijana mkitafuta nyumba mnatazama mbele: geti, vioo, rangi. Mimi natazama nyuma. Wabelgiji walipoanza kujenga mji huu mwaka 1910, villa zao ziliwekewa vyumba vidogo mwisho wa lupango, yaani kiwanja chenye ua, mahali alipolala boyi, mtumishi wa nyumba. Hadi leo tunaviita boyeri. Vingine vimewekewa vigae, vikabatizwa jina la annexe, na bei ikaruka. Lakini vimebaki vingine vya kawaida, na komisionere havitangazi sana kwa sababu mwezi mmoja wa chumba kidogo haumshibishi. Wanaovijua ni masentineli, walinzi wa mageti, na akina mama wanaouza mkate kwenye kona. Na wewe unauza dawa! Sentineli anayekuja kununua parasetamoli asubuhi anajua lupango gani limebaki na chumba kitupu. Muulize kabla hujampa chenji.

Ukipata cha dola 120, tazama: garanti ya miezi 3 ni dola 360. Hata ukilipa komisioni ya mwezi mmoja, likelemba yako inabaki na 420. Kila mwezi unatoa 120, lakini zile 52 za taksibisi, kwa siku 26 za kazi, zinabaki mfukoni. Kwa kweli umeongeza dola 68 tu, na miguu yako inakufikisha kazini.

Nililala boyeri miaka 4. Mlango ulikuwa wa chuma, ukiufungua unagonga kitanda. Choo kilikuwa upande wa pili wa ua, na katikati kulikuwa na mbwa ambaye hakuwahi kunizoea. Geti lilifungwa saa 3 usiku. Ukichelewa, unaomba msamaha kwenye matundu ya chuma kama mtoto. Hayo yote niliyavumilia. Kilichoniumiza ni garanti. Niliilipa kwa bwana mmoja mwenye funguo zote na tabasamu zuri. Mwezi wa 5 dada zake wakafika na mwanasheria: lupango lilikuwa la urithi, na kaka yao alikuwa akilipangisha peke yake. Pesa yangu sijaiona tena. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola 1, pita kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, uulize lupango ni la nani, na kama wenyewe wanapatana. Mkataba uandikwe, upelekwe kwenye ofisi ya nyumba, Habitat, ya komini. Ukidai garanti yako siku ya kuhama, karatasi hiyo ndiyo itakayoongea.

Chumba ukione mara mbili: mchana, na tena saa 1 jioni. Fungua bomba mwenyewe. Mwanamke utakayemkuta kwenye mbabula, jiko la makaa, muulize maji yanatoka saa ngapi na Snel inakata umeme siku ngapi kwa juma. Mwenye lupango hatakuambia. Pitisha kiganja ukutani chini ya dirisha. Rangi ikibaki mkononi kama unga, mwezi wa Januari utalala na ndoo.

Mjini pakikushinda, kuna Kamalondo, ni pua na mdomo na mji. Kelele ipo, hasa timu ya Mazembe ikicheza nyumbani. Utazoea, au utakuwa shabiki.

Nije kwa mama yako. Usimwite mshamba. Wenye nyumba nao watakuuliza kama umeolewa, na wengine watakufungia geti kwa jibu lako. Basi mchukue kaka yako siku ya kuzungumza bei, asimame pale kama mkubwa wako, atie sahihi kama shahidi. Mwenye lupango atajua una watu, na mama atajua umetoka kwa mlango, hukurukia dirisha. Lakini ili kaka akubali kuja, usiondoke kwake kwa hasira. Sijui wifi yako anabeba nini. Pengine sahani zinavunjika kweli, na yeye ndiye anayenunua. Kabla ya kuhama, mpelekee sahani 6 mpya, umpe mkononi mwake.