Mwekezaji Akibisha Hodi kwa Mawakili: Majibu kwa Wasomaji

England na Wales ziliruhusu watu wasio mawakili kumiliki kampuni za uwakili kwa Sheria ya Huduma za Kisheria ya 2007. SRA, mamlaka inayowasimamia mawakili huko, ilitoa leseni zake za kwanza za aina hiyo Machi 2012. Maswali yenu tumeyajibu kwa kufuata sheria ya huko.

Mimi si mwanasheria. Naweza kumiliki hisa kiasi gani?

Hata zote. Ila ukifika asilimia 10, lazima SRA ikuidhinishe kabla hujazichukua; itachunguza uaminifu wako, madeni na rekodi ya makosa. Kampuni nayo lazima iwe na wakili katika uongozi, ofisa wa kusimamia utii wa sheria ambaye naye ni wakili, na ofisa wa fedha. Watu hukwama kwenye hesabu: hisa za mume na mke hujumlishwa. Wewe una 6, mwenzako ana 5, basi mmeshavuka mstari, na kuuvuka bila kutoa taarifa ni kosa la jinai.

Tuko wabia wanne, wawili wanakaribia kustaafu. Tutamezwa?

Mtaanza kupoteza kazi za kujirudia: uhamisho wa nyumba, wosia, mirathi, fidia za ajali. Co-operative, yenye maduka ya vyakula na huduma za mazishi, ilikuwa miongoni mwa waliopata leseni za mwanzo. Familia inapokwenda kupanga maziko, huduma ya mirathi iko chini ya jina lile lile. Haina sababu ya kuvuka barabara kuja kwenu.

Hata hivyo, kinachotutia wasiwasi zaidi kuhusu ofisi za wabia ni desturi yao wenyewe: faida yote hugawanywa kila mwaka. Mbia akistaafu anadai mtaji wake, na waliobaki wanakopa benki ili wamlipe. Programu mpya ya mafaili itanunuliwa kwa fedha gani? Kabla ya kumtafuta mwekezaji, rekebisheni mkataba wa ubia. Sehemu ya faida ibaki ofisini kila mwaka, na mtaji wa anayeondoka ulipwe kwa awamu za miaka kadhaa. Kisha mfikirieni meneja wenu asiye wakili. Mkimpa hisa, leseni hii inawahusu ninyi pia, maana si ya matajiri peke yao.

Mwenye hisa anaweza kuniamuru nimalize kesi upesi?

Hapana. Kifungu cha 90 cha sheria hiyo kinamkataza asiye wakili kufanya lolote linalosababisha wakili avunje wajibu wake wa kitaaluma. Lakini ni nadra shinikizo kuja kama amri. Huja kama lengo la mapato la kila mwezi.

Tuseme mna mafaili 200 ya ajali ambayo mteja halipi mpaka ashinde. Kila moja limewagharimu pauni 1,500. Pauni 300,000 zimelala kabatini, na mwenye hisa anataka gawio mwezi Juni. Hapo ndipo wakili anaposhawishika kukubali fidia ndogo ili faili lifungwe. Andikeni katika mkataba wa wanahisa kwamba uamuzi wa kukubali fidia ni wa mteja kwa ushauri wa wakili wake, na bonasi isipimwe kwa idadi ya mafaili yaliyofungwa.

Mfano mkubwa ni Slater and Gordon, kampuni ya mawakili ya Australia, iliyoingia soko la hisa Mei 2007. Mwaka 2015 ilinunua kitengo cha huduma za kisheria cha kampuni ya Quindell ya Uingereza kwa zaidi ya pauni milioni 600, na sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa kesi ambazo hazijalipwa. Novemba mwaka huo serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kubana fidia za majeraha madogo ya shingo, hisa zikaporomoka, na 2017 wakopeshaji wakaichukua.

Na Marekani je? Kenya?

Jimbo la Arizona lilifuta katazo la wasio mawakili kumiliki ofisi za mawakili kuanzia Januari 1, 2021, na Februari 2025 KPMG, kampuni kubwa ya uhasibu, ilipata leseni huko. Katika majimbo mengi katazo lipo bado, kwa hiyo mwekezaji huanzisha kampuni ya huduma inayomiliki kompyuta, jengo na wahasibu, na ofisi ya mawakili huilipa ada. Ada hiyo ikigeuka asilimia ya malipo ya wateja, mmerudi kwenye kugawana faida na asiye wakili, jambo lile lile lililokatazwa. Kenya, Sheria ya Mawakili bado inazuia kugawana faida na asiye wakili, kwa hiyo mkataba wa Arizona usiunakili ukadhani utasimama Nairobi.