Kesi ya Mtoto Haimalizwi kwa Mbuzi

"Mwanamume wa bodaboda alimnajisi binti wa dada yangu, miaka 13. Wazee walikaa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), akatoa mbuzi wawili na shilingi 500,000, karatasi ikapigwa mhuri. Bado tunaweza kwenda polisi?" (Dada, Busia, Uganda)

Nendeni leo. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara kuna mhuri wa LC1. Baraza la kijiji husikiliza madeni madogo na ugomvi wa majirani. Unajisi haumo kabisa katika madaraka yake. Mtoto wa chini ya miaka 14 akinajisiwa, kesi husikilizwa Mahakama Kuu na adhabu yake inaweza kufika kifo. Mwenye kesi ni serikali. Baba hawezi kuisamehe, wala ukoo. Fidia nayo ipo kisheria: mahakama ikimtia mtu hatiani, inaweza kumwamuru amlipe mtoto, mbali na kifungo. Hao mbuzi, mtoto alipata nini?

Tena msifue nguo. Bibi mmoja aliwahi kuniletea gauni la mjukuu wake limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki. Aliona ni adabu kumpelekea askari nguo safi. Nilishindwa kumwambia alichokipoteza. Jamani, mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kavera hutunza unyevu na ushahidi ukaoza. Hospitali mfike kabla ya saa 72, ili dawa za kuzuia VVU zimfae.

"Fomu ya polisi ya kupimwa, PF3A, ni shilingi ngapi?"

Bure. Askari akikudai "hela ya kopi", mwone mkuu wa kituo.

"Mwanafunzi wangu wa P4 (darasa la nne) ana alama za waya mgongoni. Baba yake ni mtu mkubwa hapa. Nikinyamaza nina kosa?" (Mwalimu, Arua)

Unalo, mwalimu. Tangu Sheria ya Watoto irekebishwe mwaka 2016, mwalimu, daktari, ofisa wa ustawi na kiongozi wa LC wanalazimika kuripoti, kwa ofisa probesheni wa wilaya (anayesimamia mambo ya watoto) au polisi. Kituoni ulizia dawati la watoto na familia. Andika tarehe, ulichokiona, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, usimhoji. Na kwa kuwa unaandika kutoka shuleni: marekebisho hayohayo yalipiga marufuku viboko shuleni. Ile fimbo iliyo juu ya kabati la walimu nayo itolewe.

"Naweza kupiga 116, namba ya kuripoti mtoto anayeteswa, bila kutaja jina?"

Ndiyo, na simu ni bure. Lakini taja kijiji, parokia (ile ya serikali, si ya kanisa) na alama ya nyumba: mlango wa bluu nyuma ya kinu cha mahindi. "Kuna mtoto anateswa huku Tororo" haimfikishi mtu popote.

"Binti yangu ana miaka 16, mimba ya miezi minne. Mwanamume ana miaka 27, anataka kuleta mahari. Si bora aibu iishe?"

Mzee wangu, nimelijibu hili mpaka nimechoka, na nitalijibu tena. Katiba inasema ndoa ni miaka 18. Huyo aliyekuja na mahari ana kesi ya unajisi, nawe ukipokea utakuwa umemkabidhi mtoto kwa aliyemdhuru. Ripoti. Kisha mpeleke kliniki wiki hii, kwa sababu uzazi wa umri huo una hatari zake, halafu umwone mwalimu mkuu: miongozo ya Wizara ya Elimu inamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Sare zake msiwagawie wadogo zake.