Riwaya ya papa wa kale: pima maji kwanza

Wiki hii msomaji mmoja wa Jinja amenitumia sura tatu za riwaya yake ya taharuki pamoja na swali: mbona haitishi? Humo megalodoni, yule papa wa kale, anapanda kutoka kwenye shimo refu kuliko yote baharini, ananguruma, anameza meli, na kufikia sura ya tatu ameshaingia Ziwa Viktoria kwa njia ya Mto Nile. Namjibu hapa hadharani kwa sababu miswada ya namna hii inanifikia mara kwa mara na tatizo lake ni lilelile. Mwandishi amempima papa, hajayapima maji.

Kumpima papa ni kazi fupi. Megalodoni alitoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mifupa ya papa ni gegedu, yaani mfupa laini, na gegedu huoza, kwa hiyo kilichobaki ni meno na pingili chache za uti wa mgongo. Jino kubwa hufika sentimita 17 hivi. Makadirio mengi ya urefu wake yako kati ya mita 15 na 20, na yapo yanayozidi hapo. Basi la Kampala kwenda Gulu lina kama mita 12. Chagua mita 16, kisha ukae nazo hadi ukurasa wa mwisho. Papa anayeanza na mita 16 akafika 30 kwenye kilele humfanya msomaji aache kuogopa, maana hajui tena anaogopa kitu gani. Na papa hangurumi, hana kiungo cha kutolea sauti. Futa mingurumo yote, ndugu yangu, hata ule wa sura ya pili ulioupenda.

Sasa lile shimo. Shimo la Mariana linakaribia kina cha mita 11,000. Maji ya huko chini yana nyuzi 1 hadi 4 za selsiasi, shinikizo linazidi mara 1,000 ya lile la juu, na chakula ni kidogo mno kwa mnyama wa tani nyingi. Megalodoni alikula nyangumi, na nyangumi lazima apande juu kupumua. Mlaji wake naye angeonekana, au angalau meno yake yangeonekana, kwa sababu papa huangusha meno maisha yake yote.

Njia bora ni kuwaachia wahusika wabishane. Mmoja ataje silikanti: samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria, akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wamemnasa mara nyingi katika nyavu zao za jarife. Mwingine amjibu kwamba silikanti ni samaki wa mita mbili hivi anayejificha mapangoni kwenye kina kirefu na hahitaji chakula kingi. Mabishano ya namna hiyo yanamtia msomaji shaka, na shaka ndiyo inayomfanya afungue sura inayofuata.

Kisha leta ushahidi kabla ya mnyama. Nyangumi wa nundu hupita pwani ya Kenya kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Miezi ya mwanzo ya msimu huo pepo za kusi bado zinavuma, bahari imechafuka, na vyombo vidogo vingi vimekaa pwani. Mzoga wa nyangumi ukielea nje ya mwamba wa matumbawe wakati huo, wenye kidonda kimoja cha upana wa zaidi ya mita, watakaouona ni wachache, na kila mmoja wao awe na sababu ya kuwa baharini siku mbaya: deni, mtego uliopotea, mgonjwa wa kuvushwa. Papa wa ukubwa huo hana haja ya kumfukuza muogeleaji mmoja, hapati shibe. Anafuata mzoga. Watu wako waweke karibu na mzoga, na hutahitaji kumpa papa chuki wala kisasi.

Chini ya maji ndipo miswada mingi inapozama. Wengi wanaandika kwamba mzamiaji amebeba mtungi wa oksijeni. Kwa kawaida ni hewa hii tunayovuta, imeshindiliwa tu. Oksijeni tupu huanza kuwa sumu ukipita mita 6 hivi. Piga hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bari 200, yaani kama mara 200 ya hewa ya kawaida, una lita 2,400 za hewa. Ondoa lita 600 za akiba, zinabaki 1,800. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, lakini kwenye kina cha mita 20 shinikizo ni mara tatu, kwa hiyo anatumia 60, na ana dakika 30. Akiogopa, pumzi huongezeka maradufu, na dakika 30 zinakuwa 15. Saa ya taharuki hiyo hapo, huhitaji kubuni bomu. Kurudi juu ni mita 9 kwa dakika, kisha kusimama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3 ili mwili utoe gesi ya naitrojeni iliyoingia na hewa. Akipanda haraka, viputo vya gesi hiyo vinaweza kumlemaza. Zile dakika tatu za kuning'inia huku miguu ikielea juu ya maji yasiyo na mwisho zinastahili kurasa nne. Usizimalize kwa sentensi moja.

Macho na masikio nayo yamo kwenye hesabu. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, hivyo mzamiaji anasikia mlio lakini hawezi kujua umetoka upande gani. Rangi nyekundu hufifia mapema. Kwenye mita 20 damu huonekana ya kijani au nyeusi. Na maji yakivurugwa na kusi, jicho linaweza kuona mita 5 tu. Papa wa mita 16 anayepita polepole, mita moja kwa sekunde, atachukua sekunde 16. Mzamiaji hataona papa. Ataona ukuta wa ngozi, nyufa tano za matamvua zikifunguka na kufunga, pezi la ubavu, kisha ngozi tena, ngozi tu, na mwisho mkia unaomsukuma pembeni. Hesabu hadi kumi na sita taratibu, halafu andika.

Ziwa letu liache. Nalubaale, yaani Viktoria, lina kina cha mita 80 hivi, ni maji baridi yasiyo na chumvi, na mwishoni mwa zama za barafu lilikauka. Njiani kutoka Misri kuna mabwawa, na maporomoko ya Murchison yana mita 43. Msomaji wa Jinja anayelijua bwawa la mjini kwake hatakubali hata kidogo.

Kuna wahariri wanaowaambia vijana wetu kwamba Mganda hana bahari, aandike mambo ya ng'ombe. Maneno hayo yanaumiza, na si kweli. Mizigo yetu mingi inapita Mombasa. Mpeleke mvuvi wa Kasenyi, kando ya ziwa letu, kule kupitia mpaka wa Malaba, awe utingo wa lori linalosubiri kontena, aombwe kushika kasia. Anajua mawimbi, anajua dhoruba ya usiku wakati wa kuvua mukene, dagaa wa ziwani. Hajui maji kupwa na kujaa. Ziwani huchota maji ya kunywa ubavuni mwa mtumbwi. Baharini atakufa na kiu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4. Atafunga chombo kwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa, na yakipwa kitaning'inia na kupinduka. Au atatoka nje ya mwamba kwa mlango mpana, akirudi akute miamba imejitokeza, na hadi maji yajae tena ni saa sita. Saa sita nje ya mwamba, na mzoga unaelea upande uleule.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Jinja, sura ya tatu ifute yote. Ya kwanza ianze na mzoga, papa asionekane mzima kabla ya nusu ya kitabu, na pembeni mwa kila ukurasa wa majini andika kwa penseli: kina, saa, hewa iliyobaki, maji yanajaa au yanakupwa. Namba hizo zikigongana, rekebisha namba kabla hujagusa sentensi. Ukimaliza, nitumie tena.