Demareji si kila deni la bandarini

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye kazi ya kutoa mizigo, wiki hii nimeletewa tena ankara yenye "demurrage" mistari mitatu, na kila mstari ni deni la aina yake. Hebu sogeeni.

1. Neno lenyewe Waingereza walilichukua kwenye Kifaransa cha kale, demorer, yaani kukaa, kukawia. Lilianzia kwenye meli: aliyeikodi akipitisha muda wa kupakia na kupakua waliokubaliana, anamlipa mwenye meli fidia kwa kila siku. Ukishaingia kwenye demareji, kwa kawaida hata Jumapili zilizokuwa hazihesabiwi zinahesabiwa.

2. Kwenye makontena, likiwa bado bandarini na siku za bure zimekwisha, kampuni ya meli inadai demareji. Kuanzia linapotoka geti mpaka lirudi tupu, hiyo ni ditensheni. Gharama ya kulaza mzigo yadini ni stoo, hiyo ni habari nyingine. Kuna kampuni zinazounganisha hizo mbili za kwanza, kwa hiyo someni viwango vyao.

Ditensheni mimi ilinifundisha adabu. Mzigo ulikuwa wa mzee mmoja wa Lubumbashi. Kontena lilipotoka geti nikamwandikia kwa mbwembwe: "Demurrage imekwisha mzee, lala usingizi." Lori likakwama foleni mpakani Tunduma, likakwama tena mpakani Kasumbalesa. Likafika, likapakuliwa, dereva akabaki kule na kontena tupu akitafuta mzigo wa kurudi nao. Mimi huku nimeshafunga faili! Siku linarudi dipo, ankara ya kampuni ya meli ilikuwa inanisubiri. Mzee akapiga simu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alinisomea ujumbe wangu pole pole, kisha akauliza, "Sasa kijana, kilichokwisha ni nini?" Bosi kasimama mlangoni. Nikajibu kwamba demareji kweli ilikwisha, hii ni ditensheni. Jibu sahihi kabisa, na nusura linifukuzishe kazi.

3. Nyongeza ya siku za bure iombwe kabla meli haijatia nanga.

4. Mkiona wanasheria wameandika "we demur", msikimbilie kikokotoo. Mzizi ni uleule, ila kukawia kuligeuka kusita, na kusita kukawa kupinga: wanaikataa hoja yenu. Kuna mmoja hapa ofisini, simtaji, alishaanza kuhesabu siku.